Tableti ya Kalamu kwa Kazi ya Kusafisha Picha: Niliyopitia Mpaka Kuipata Inayonifaa

Kwa sisi wenye studio ndogo za picha hapa Mtwara, mwaka wa kazi unafuata korosho. Minada inapoanza mwezi Oktoba na fedha za wakulima kuanza kuingia, harusi zilizokuwa zikisubiri hupangiwa tarehe, na kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata picha hujaa kwenye kompyuta kuliko uwezo wa mtu mmoja kuzimaliza. Kwa miaka mingi nilisafisha picha hizo kwa kipanya, nami nilikizoea kiasi cha kutowaza kwamba ipo namna nyingine, mpaka msimu mmoja kifundo cha mkono wangu wa kulia kilipoanza kuwaka moto usiku na vidole kufa ganzi kila nilipoamka. Daktari niliyemwona hakuniandikia dawa nyingi. Aliniambia nipunguze kushika kipanya kwa saa nyingi mfululizo, na ushauri huo ulinitia hofu kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu ulinijia katikati ya Novemba nikiwa na albamu za watu ambazo tayari nilikwishapokea malipo ya awali.

Maumivu hayo ndiyo yaliyonisukuma kuulizia tableti ya kalamu, kile kibao bapa kinachounganishwa na kompyuta, ambacho mtu hukipitishia kalamu yake maalumu huku macho yakiwa kwenye skrini. Katika kuitafuta niliona kwamba maelezo mengi ya wauzaji yanahusu mambo ambayo msafishaji wa picha hayahitaji, na kwamba yale anayoyahitaji mara nyingi hayaandikwi kwenye boksi. Mchoraji wa katuni, mbunifu wa mavazi na mwalimu anayefundisha kwa mtandao wote huuziwa kifaa kilekile, lakini mkono wa mtu anayesafisha uso wa bibi harusi haufanyi kazi sawa na mkono wa mtu anayevuta mistari mirefu ya mchoro.

Kipanya kina hali mbili tu, ama kimebofywa ama hakijabofywa. Kwa kuondoa chunusi moja moja hilo halina shida, na hadi leo kuna picha za pasipoti ninazozimaliza kwa kipanya bila kujuta. Kazi kubwa ya ngozi, hata hivyo, ni ile ya kuangaza na kukoza, ambapo brashi laini yenye nguvu ndogo sana hupitishwa mara nyingi kwenye leya yake (tabaka linalowekwa juu ya picha bila kuigusa yenyewe) ili kupunguza weusi chini ya macho, kulainisha mpaka kati ya penye mwanga na penye kivuli, na kurudisha umbo la shavu lililofutwa na fleshi. Ngozi nyeusi ikipigwa fleshi katika ukumbi wenye joto la pwani yetu hutoa mng'ao mkali wa jasho kwenye paji la uso, puani na kidevuni. Anayetumia kipanya hushawishika kuuficha mng'ao huo kwa kufifisha uso mzima, vitundu vya ngozi vikapotea, na bibi harusi akabaki anafanana na mdoli wa dukani. Kalamu hukuwezesha kugusa kidogo hapa na kukandamiza zaidi pale bila kurudi kwenye menyu kubadilisha namba kila mara, na mkono ukifika kwenye piko au hina unaweza kufuata ukingo wa ua moja moja bila kuuvuruga. (Wapo wanaokuja wakiomba wafanywe weupe. Hilo ni suala la adabu ya kazi, si la kifaa. Mimi huwaambia kwamba nitaondoa jasho na uchovu, lakini rangi yao nitaiacha.)

Tableti ya kwanza niliyoitumia ilikuwa ya kuazima. Mpiga picha mwenzangu wa Lindi aliinunua kwa shauku, akaihangaikia kwa muda mfupi, kisha akaifungia kabatini. "Dada, ichukue ujaribu, mimi imenishinda," aliniambia, akaniletea mwenyewe alipokuja Mtwara kupiga picha za mahafali. Ilikuwa ndogo, ya kuingia kwenye mkoba. Nyumbani, kwenye kompyuta yangu mpakato, nilianza kuielewa taratibu. Lakini nilipoipeleka studio na kuiunganisha na skrini ya inchi 24, mkono ulitetemeka na kila alama niliyotaka kuiweka ilitua pembeni. Nilidhani ni ugeni wangu, kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa hesabu.

Kipanya husukumwa, kikainuliwa na kurudishwa nyuma, lakini tableti ya kalamu haifanyi hivyo. Kila nukta ya kibao ina nukta yake kwenye skrini, kona kwa kona, kwa hiyo kibao kidogo hulazimika kubeba skrini nzima. Chukua mfano wa tableti ya Wacom Intuos ndogo, ambayo eneo lake la kazi ni milimita 152 kwa 95. Skrini ya inchi 24 yenye umbo la 16:9 (upana kwa kimo) ina upana wa milimita 531 hivi, maana yake mkono ukisogea sentimita moja mshale unakwenda sentimita tatu na nusu. Kwenye kompyuta mpakato ya inchi 15.6, ambayo skrini yake ina upana wa milimita 345 hivi, sentimita ileile ya mkono huzaa sentimita mbili na robo tu. Ukitumia Intuos ya ukubwa wa kati, yenye milimita 216 kwa 135, uwiano kwenye skrini ya inchi 24 hushuka hadi karibu mbili na nusu, na mkono hutulia. Mtu anaweza kusema kwamba ukivuta picha karibu tatizo hilo hupungua, na ni kweli kwa sehemu, ila kazi ya ngozi haifanyiki vizuri kwa kutazama shavu moja likijaza skrini. Ni lazima uuone uso mzima ndipo ujue kama kivuli ulichokipunguza kimepungua kwa kiasi au kimepita mpaka. Tableti kubwa kabisa nazo zina gharama yake, kwani hudai meza pana na mkono unaotembea kutoka begani, jambo linalowafaa wachoraji kuliko sisi ambao mikono yetu husogea kidogo kidogo siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote, pima kwanza upana wa skrini unayofanyia kazi, kisha ugawe kwa upana wa eneo la kazi la tableti unayoifikiria. Kwa mkono wangu, jibu likizidi tatu nachoka na kukosea; likiwa kati ya moja na nusu na mbili na nusu nafanya kazi kwa raha. Angalia pia umbo. Tableti nyingi zina umbo la 16:10 wakati skrini nyingi ni 16:9, na usiporekebisha, duara ulilolichora kwa mkono linatokea limebonyea kwenye skrini. Programu ya kifaa huwa na mahali pa kulazimisha uwiano ulingane, na gharama yake ni ukanda mwembamba wa kibao unaobaki bila kazi. Mwenye skrini mbili naye aielekeze tableti kwenye skrini moja tu, la sivyo kibao kitagawanywa kwa zote mbili na hesabu yote niliyoieleza itaharibika.

Kuhusu kujifunza sitaficha kwamba nilikasirika sana. Jicho linatazama juu, mkono uko chini, na akili inachukua muda kukubali kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Kulikuwa na jioni niliposukuma kibao pembeni na kurudia kipanya kwa hasira, na mkono ukauma tena. Kilichonisaidia ni kuiweka tableti moja kwa moja mbele ya skrini, katikati ya kifua, badala ya kuiweka upande wa kulia mahali pa kipanya, na kufungia kipanya kwenye droo hata kwa mambo madogo kama kufungua mafaili. Jambo jingine ni wakati. Mwenzangu wa Lindi aliianza tableti yake katikati ya msimu, wateja wakimpigia simu, na ninaamini hapo ndipo ilipomshinda. Mimi niliendelea nayo miezi ya mvua za masika, studio ikiwa na utulivu, nikianzia na picha ambazo hakuna aliyekuwa akizisubiri, na baada ya wiki kadhaa nilijikuta nimeacha kuifikiria kalamu.

Kabla sijairudisha, tundu la waya lililegea mpaka tableti ikawa inajizima kila ilipoguswa. Nilimlipa fundi shilingi 25,000 aliunge upya, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba waya ulionyooka unaochomoza ubavuni, karibu na mkono unapopita, ndio unaoua matundu hayo. Tangu hapo, kwenye kifaa chochote ninachokitazama, huangalia kwanza waya unaingilia upande gani, kama kichwa chake kimepinda, na kama ni wa USB-C au ule mwembamba wa zamani.

Nilipoamua kununua ya kwangu, nilianza kuulizia hapa mjini, na wauzaji walinionyesha tableti za Android za kutazamia sinema, au vile vibao vya watoto vya kuandika na kufuta kwa kitufe kimoja. Wa Kariakoo, tuliowasiliana nao kwa WhatsApp, walikuwa na vitu halisi, lakini picha walizotuma zilikuwa za matangazo ya mtandaoni. Nilijifunza kuomba picha ya nyuma ya kifaa, pale palipoandikwa namba ya modeli, kwa sababu jina moja la biashara hubeba vifaa vya miaka tofauti na vya ukubwa tofauti, na bei hutofautiana kwa sababu hiyo. Muuzaji asiyetaka kutuma picha ya nyuma nilimwacha.

Hapo ndipo iliponijia tamaa ya tableti zenye skrini, zile ambazo kalamu hugusa picha yenyewe. Ni nzuri kuzitazama, na kwa mchoraji sina neno. Kwa kazi yangu nilizikataa, na bado ninaamini nilikuwa sahihi. Kwanza ni umeme: tableti isiyo na skrini hunywa umeme kidogo kupitia waya wa USB, hivyo umeme ukikatika kompyuta mpakato huendelea nayo kwa betri yake, wakati nyingi za zile zenye skrini, hasa kubwa, huhitaji adapta yake ukutani pamoja na waya wa HDMI au mwingine wa picha. Pili ni rangi. Ukiwa na skrini mbili zinazoonyesha ngozi ya mtu mmoja kwa rangi mbili, utasafisha kwa kufuata ipi? Tatu, na hili sikulitegemea nilipojaribu moja dukani, mkono hufunika nusu ya uso unaousafisha, na shingo huinama kwa saa nyingi. Mimi nilikuwa nakimbia maumivu ya kifundo, sikutaka kuyahamishia shingoni. Fedha ambazo ningeongeza kwa ajili ya skrini ile niliziweka kwenye skrini ya kawaida ya IPS (aina isiyobadilisha rangi ukiitazama kwa pembeni) inayofikisha rangi zote za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, na tofauti yake niliiona kwenye chapa za albamu kuliko ambavyo tableti ya bei yoyote ingeniletea.

Baada ya skrini, kitu kinachotangazwa kwa herufi kubwa ni viwango vya mgandamizo, yaani ngazi za uzito wa mkono ambazo kalamu huweza kuzitofautisha: 2048, 4096, 8192, na sasa 16384. Nilitumia ya 2048 na nikaja kutumia ya 8192, na mkono wangu haukuona tofauti yoyote kati ya namba hizo. Faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na binadamu hana misuli ya kutofautisha maelfu ya uzito wa kidole. Kinachohisiwa ni mambo mawili ambayo boksi aghalabu haliyasemi: kalamu huanza kusikia ikiguswa kwa wepesi gani, na mgandamizo hupanda kwa ulaini kiasi gani kutoka hapo. Kalamu inayongoja uikandamize ndipo iamke ni mbaya kwa kuangaza na kukoza, kwa sababu ile migusano myepesi ndiyo kazi yenyewe. Uwezo wa kutambua mwinamo wa kalamu, unaotajwa pia kwa fahari, kwa kusafisha picha sijaupatia matumizi.

Kuhusu kalamu yenyewe, chagua isiyo na betri. Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983, ilijulikana kwa kalamu zinazopata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya sumakuumeme ya kibao chenyewe, na leo Huion, XP-Pen na wengine nao hutengeneza za namna hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kubeba kalamu nzito ya kuchaji. Uliza pia bei ya kalamu ya akiba na kama inapatikana. Kalamu za modeli moja kwa kawaida haziingiliani na za nyingine, na kibao kisicho na kalamu yake ni plastiki tu.

Safari ya Dar es Salaam niliifanya kwa basi, zaidi ya kilomita 500, nikiwa na kompyuta mpakato begani ambayo ndani yake nilikwishapakua draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitambua tableti) za modeli zote nilizokuwa nikizifikiria kutoka kwenye tovuti za watengenezaji. Nashauri hivyo kwa mtu yeyote, kwa maana dukani hakuna intaneti ya kusubiriwa na muuzaji ana wateja wengine. Majaribio yangu yalikuwa mepesi. Niliweka rula kwa mshazari juu ya kibao na kuvuta mstari polepole sana. Kifaa kibovu huonyesha mstari unaoyumbayumba hata kama rula imenyooka. Kisha nilivuta mstari kuanzia mguso mwepesi kabisa hadi mkandamizo kamili, nikitazama kama unene unapanda taratibu au unaruka ghafla. Mwisho niligusa kwenye kona zote nne, kwa kuwa baadhi ya vibao hupoteza usahihi vinapokaribia ukingo. Kimoja chenye namba kubwa ya mgandamizo kuliko vyote dukani ndicho kilichoyumba zaidi kwenye rula. Muuzaji, kijana mstaarabu, alisema, "Dada, tangu nianze kuuza hivi vitu hakuna aliyenijia na rula," lakini hakunikataza.

Niliondoka na Huion ya ukubwa wa kati isiyo na skrini, kwa shilingi 270,000. Wacom ya ukubwa kama huo katika duka lile ilikaribia mara mbili ya bei hiyo, na kalamu yake ilikuwa nyepesi zaidi mkononi. Anayeweza kuilipa sitamzuia. Kwangu nauli, malazi na siku ambazo studio ilifungwa zilikwishakula sehemu kubwa ya bajeti, na gharama hizo watu husahau kuzihesabu wanapolinganisha bei ya Kariakoo na ya kuletewa.

Nyumbani kulikuwa na tatizo moja la mwisho. Kila nilipoanza mchirizo kwenye Photoshop, programu ninayosafishia picha, duara dogo lilitokea chini ya kalamu, brashi ikachelewa, na nilipotulia kidogo kompyuta ikadhani nimebofya kitufe cha kulia. Nilikaribia kuamini kwamba nimeuziwa kifaa kibovu. Vyanzo vilikuwa viwili kwa pamoja. Draiva ya tableti ya kuazima ilikuwa bado imo kwenye kompyuta na ilikuwa ikigombana na mpya, kwa hiyo niliziondoa zote mbili, nikaizima kompyuta na kuiwasha, ndipo nikaweka ile inayohitajika peke yake. Kingine kilikuwa Windows Ink, mfumo wa Windows wa kushughulikia kalamu. Ukiuzima kwenye draiva bila kuiambia Photoshop, mgandamizo hupotea; kinachotakiwa ni kuweka katika folda ya mipangilio ya Photoshop faili la maandishi linaloitwa PSUserConfig.txt, lenye maneno UseSystemStylus 0, kisha kuifungua programu upya. Na katika mipangilio ya kalamu ya Windows, ile hali ya kubonyeza na kushikilia ili kupata kubofya kwa kulia nayo huzimwa. Baada ya hapo kalamu ilinitii.

Mipangilio ninayoitumia ni michache. Kwa kuangaza na kukoza, mgandamizo nauachia uwazi wa wino peke yake (wino uwe mzito au mwepesi), ukubwa wa brashi naubadilisha mwenyewe, na mtiririko, yaani kasi ya wino kutoka, nauweka kati ya asilimia 1 na 3 ili kosa moja lisionekane. Kitufe cha kwanza cha kalamu nimekipa kazi ya Alt, kwa sababu ndicho kinachochukua sampuli katika brashi ya kutibu na muhuri wa kunakili, zana zinazofunika doa kwa kunakili sehemu safi ya picha, na hicho hutumika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Vitufe vilivyo kwenye kibao nimeviwekea kurudi nyuma, kupanua brashi na kuipunguza. Vilivyobaki nimevizima kwa kuwa kiganja kilikuwa kikivigusa.

Picha iliyonithibitishia kwamba nilichagua vizuri haikuwa ya harusi. Mama mmoja mtu mzima alikuja kutoka Newala na picha nyeusi na nyeupe ya marehemu mama yake, iliyokaa sandukuni mpaka ikaota madoa ya ukungu, ikachubuka na kukunjika katikati ya shavu. Nilimwamkia, nikaipokea, nikaiweka kwenye skana kwa azimio la nukta 600 kwa inchi. Bibi huyo alikuwa na nembo za Kimakonde usoni, chale zilizopangwa kwa mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji, na ndonya, lile pambo la kutobolea, kwenye mdomo wa juu. Kwenye skrini chale na mikwaruzo ya karatasi vilifanana kabisa: mistari myembamba, mingine myeupe, mingine myeusi. Zana ya kurekebisha yenyewe ingefuta vyote kwa pamoja na kunipa uso laini usio wa mtu yeyote. "Mwanangu," mama alisema nilipomweleza, "mikwaruzo ondoa, ila nembo za mama yangu usiziguse. Wajukuu wamwone alivyokuwa."

Nikamwomba akae karibu nami. Nilifungua leya tupu, nikachagua rangi nyekundu, na kila alipoonyesha kwa kidole nilifuatisha chale hiyo kwa kalamu, mpaka uso mzima ukawa na ramani ya vitu visivyotakiwa kuguswa. Aliikumbuka mistari mingine ambayo mimi sikuiona kabisa, na tulipovuta picha karibu, tuliikuta. Ramani ile kwa kipanya ingekuwa mateso. Kisha nilisafisha ukungu na mikwaruzo kwenye leya nyingine, nikizunguka alama nyekundu. Pale mkunjo ulipokata chale mbili, nilizijenga upya kwa brashi ndogo, safari hii nikiuachia mgandamizo ukubwa wa brashi, ili mstari uanze mwembamba, unenepe katikati na kuishia mwembamba kama zile za jirani yake. Nilimtoza shilingi 30,000. Kwa saa nilizotumia ilikuwa hasara, na kazi za aina hiyo sasa nazipangia bei kwa kuangalia kwanza ni kiasi gani cha uso kinahitaji kujengwa.

Utunzaji wake katika hali ya hewa ya pwani una mambo yake. Kiganja chenye jasho hukwama kwenye kibao, na mstari ukakatika katikati. Glavu ya vidole viwili ya wachoraji hutibu hilo. Mimi nilishona ya kwangu kutoka kwenye soksi nyembamba na inafanya kazi vilevile. Usitumie mafuta ya mikono kabla ya kazi, na futa kibao kwa kitambaa kikavu jioni, kwa sababu chumvi na vumbi vikichanganyika huwa msasa. Ncha za kalamu huisha. Uso wa kibao umefanywa uwe na ukwaruzo kidogo ili mkono uhisi karatasi, na ukwaruzo huo huila ncha upande mmoja mpaka ikawa na makali, na ncha yenye makali huchora mitaro kwenye kibao ambayo haiondoki. Ninazibadilisha mapema, na pakiti ya ncha za akiba huiagiza Dar kabla ya msimu kuanza. Masika ya mwaka 2024, baada ya kimbunga Hidaya kuikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam mwezi Mei, mizigo ilikwama, nami nilikuwa nimebakiwa na ncha moja.

Mwaka huu kijana anayenisaidia studio alitaka yake, na alipata tangazo la tableti ya kitaalamu iliyokwishatumika kwa bei ya kuvutia. Tulikaa tukaitafuta namba ya modeli yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa draiva mpya huacha kuvihudumia vifaa vya zamani, na kifaa kizima kabisa kinaweza kukataa kufanya kazi kwenye Windows ya sasa. Hii ilikuwa bado inahudumiwa. Tukaomba picha ya kibao ikiwa imepigwa kwa mshazari karibu na dirisha, kwani mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mitaro, na ilikuwapo katikati, ingawa si ya kutisha. Tulipouliza kuhusu kalamu, muuzaji akajibu kwamba ilipotea ila nyingine itatafutwa. Bei ya kalamu mpya ya modeli ile, tulipoiulizia kwingine, ilizidi nusu ya bei ya tableti yote. Tuliiacha, naye akanunua ndogo mpya, ambayo kwa kompyuta yake mpakato ya inchi 14 uwiano wake tulipoupima kwa rula ulikuwa mbili na ushei.